Hazina Tatu Nilizozilinganisha kwa Miguu Yangu

Katika mambo ya kodi, ushuru na masanduku ya serikali, hakuna kitu kilichobaki duniani cha kunishangaza. Nimeona mtu akileta jogoo wawili badala ya shilingi na kuomba arudishiwe chenji. Nimeona mtu amelala chini ya nguo ya magome akijifanya maiti, mkewe analia vizuri kabisa, na vidole vya miguu ya marehemu vinacheza kwa sababu siafu wamempata. Nimeona hazina za nchi tatu, na zote nimezifikia kwa miguu, kwa baiskeli na kwa mtumbwi, wala si kwa kusoma habari zake.

Ninyi makarani vijana mnaokaa sasa pale Muleba, kwenye meza zenye droo, mliniomba siku ile ya kuniaga niwaandikie kazi ilivyokuwa. Naandika. Habari za kupandishwa cheo sitazitia humu, na mshahara pia sitautaja. Anayetaka kujua mshahara wangu aje aitazame nyumba yangu. Ina bati mpaka jikoni.

Mimi nilisoma madarasa mawili na nusu, pale misheni jirani na kwetu Kanazi. Ile nusu ni kwa sababu upepo uliezua paa la shule, na mwalimu alipomaliza kuliezeka mimi nilikuwa nimekwisha kupata kazi. Baba alikuwa mpangaji katika kibanja cha mtu mkubwa. Migomba haikuwa yake, kahawa haikuwa yake, hata kivuli alikaa kwa ruhusa. Kwa hiyo sikurithi kitu ila shingo. Lakini shingo hiyo, vijana, ndiyo iliyoniingiza hazina. Walitafuta mtu wa kubeba sanduku la kodi kutoka Muleba hadi Bukoba, sanduku la chuma lililojaa shilingi, na wanaume waliojaribu kabla yangu walilitua kila kilima. Mimi nililitua mara moja tu, na hapo ni askari aliyeomba tupumzike.

Siku hiyo ya kwanza nilipokelewa Bukoba mjini na Mzee Salehe, mtunza fedha. Huyu baba yake alikuja na wafanyabiashara wa pwani akaoa kwetu, akabaki. Mzee Salehe alivaa kofia nyeupe isiyopata doa hata siku ya vumbi, na Kihaya chake kilikuwa kizuri kuliko changu.

"Tua taratibu, kijana," alisema. "Huo si mkungu wa ndizi."

Nikatua. Akatoa shilingi moja, akaiangusha juu ya jiwe alilokuwa nalo mezani.

"Umesikia nini?"

"Shilingi, Mzee."

Akaangusha nyingine. "Na hii?"

"Shilingi."

"Hii ni bati lililovaa nguo ya shilingi. Kaa hapa mpaka uzisikie."

Nilikaa. Jioni nilikuwa nazisikia hata nikiwa nimegeuka ukutani, na sijapata kukosea tangu siku ile. Aseme anayetaka kubisha. Ndiye aliyenifundisha bao la kuhesabia: ubao wa mninga wenye mashimo mia, kila shimo shilingi moja. Unamwaga sarafu, unalitikisa kama mwanamke anayepepeta ulezi, mashimo yanajaa, nawe huna haja ya kubishana na mtu. Alinifundisha pia kwamba mwenye ufunguo asilale nyumba moja na sanduku, kwamba stakabadhi hutolewa kabla mlipaji hajageuza mgongo, na kwamba hata siku moja usihesabu fedha za mtu mbele ya mke wake. "Utajua wewe kiasi anacholipa," alisema, "lakini mke atajua kiasi alichoficha. Kesho yake huyo mume hakulipi tena." Hayo matatu yashikeni. Mengine ni karatasi.

Basi nilipanda, namna nilivyopanda ni shauri langu na Mungu, hata nikawa mkusanyaji mwenyewe. Na hapo nikakutana na kesi iliyonifanya niwe mtu wa kulinganisha nchi na nchi.

Kila mwaka tulidai kodi wakati kahawa imetoa maua. Maua yale ni mazuri, yananukia mpaka barabarani, lakini hakuna duka linalopokea harufu. Tukifika gombolola ya Kaagya, sehemu mojawapo ya wilaya yetu, tunakuta wazee, wanawake na mbuzi. Vijana wamevuka mpaka kwenda Uganda kulima pamba za watu. Waliobaki wanafanya butura: mtu anaiuza kahawa ingali maua mtini, kwa tajiri mwenye fedha mkononi, kwa bei ya kutupa. Analipa kodi leo, na wakati wa mavuno anachuma kahawa ya mwingine katika kibanja chake mwenyewe. Nililiona jambo hilo miaka na miaka nikidhani ndivyo dunia ilivyo.

Ikawa akaja Bwana Shauri mpya wa wilaya, kijana mrefu mwenye Kiswahili safi cha kitabu. Akatuita mimi na Karani Petro, Mlutheri mwembamba aliyejua Kiingereza na asiyejua kupanda baiskeli.

"Wenzetu wa Ruanda," akasema, "asiye na fedha analima barabara. Nami naona ni vema watu wa Kaagya walime barabara kiangazi kijacho. Lakini wenzetu wa Uganda wanadai kodi kubwa kuliko yetu, na watu hawawakimbii. Nataka kujua sababu. Mtakwenda, mtatazama, mtarudi kunieleza mbele ya baraza, kisha nitaamua."

Nilitoka pale nikipiga hesabu ya miezi. Barabara hulimwa kiangazi kwa sababu ardhi ni kavu, na kiangazi hichohicho ndicho kahawa inaiva. Mwanaume akipelekwa barabarani wiki zile, kahawa yake itaokotwa na ndege. Mwaka unaofuata hana kodi tena, na anarudi barabarani. Huyo ameoa jembe la serikali. Na Kaagya haikuwa jina la karatasini kwangu: mke wangu, Ma Koku, kwao ni huko, na nilikuwa nimenunua kibanja jirani na wakwe zangu.

Tukaenda. Uganda nilimbeba Karani Petro nyuma ya baiskeli mpaka Kyaka, tukavuka mto kwa kivuko, nikambeba tena. Alikuwa mwepesi, ila alisali kwenye kila mteremko kwa sauti kubwa. Upande wa Masaka tulipokewa na mtunza hazina wa saza, yaani jimbo lao, Mganda mnene aliyevaa kanzu na koti juu yake.

"Ssebo," nikamwuliza, "watu wenu hawakimbii kodi?"

"Wakimbilie wapi?" akasema. "Kwenu?" Akacheka mpaka kiti kikalia.

Petro alinakili viwango vyote. Kodi yao ilikuwa kubwa kuliko yetu, na juu yake mtu alimlipa mwenye ardhi kodi nyingine. Usiku Petro akajumlisha, akajumlisha tena, akasema, "Haiwezekani. Hawa ndio wangekuja kwetu." Nami nilisema haiwezekani, maana nilikuwa natazama tarakimu zilezile alizozitazama yeye. Hilo ndilo kosa la wote wanaolinganisha hazina: wanauliza ngapi, hawaulizi lini.

Kesho yake ilikuwa siku ya mnada wa pamba. Nilisimama pale nikitafuna karanga, na ghafla nikaacha kutafuna. Meza ya mkusanyaji wa kodi ilikuwa hatua chache kutoka kwenye mizani ya pamba! Mtu anapima, analipwa, anasogea, anatoa kodi, anapewa stakabadhi, anasogea tena, anamnunulia mkewe gauni la gomesi. Hakuna aliyefukuzwa, hakuna aliyejifanya maiti. Nikamshika Petro bega.

"Andika. Huku pesa humfikia mtu kwanza, kodi inakuja nyuma yake. Kwetu kodi hutangulia."

"Hiyo niiweke kwenye safu gani?" akauliza. Watu waliosoma!

Ruanda tulikwenda kwa upande wa Karagwe, tukavuka Kagera kwa mtumbwi, Petro amefumba macho. Sitawasema vibaya wale, mihuri yao ilikuwa mizuri na karani wao aliipiga kwa sauti ya kupendeza, tap, tap. Ng'ombe walihesabiwa kama watu na faranga zilipangwa sawasawa. Lakini nje, barabarani, nilimkuta mtu wa makamo na jembe. Lugha zetu zinafanana, tukaelewana. Nikampa tumbaku, nikamwuliza kwake wamelima nini.

"Maharage," akasema.

"Yameiva?"

"Yaliiva juzi. Ndege wanayasifu sana."

Akacheka, akarudi kwenye jembe. Sikucheka. Nilimwona kila mtu wa Kaagya katika mgongo wake.

Baraza likakaa. Karani Petro akasoma taarifa yake, kurasa na kurasa, na wakubwa wa gombolola walisikiliza kama watu wanaosikiliza mvua. Nikaona wanapotea. Nikasimama bila kuitwa.

"Bwana Shauri, watu wa Uganda si wema kuliko sisi. Wanaulizwa pesa siku wanapokuwa nazo. Sisi tunamdai mtu akiwa na maua. Ngoja kahawa iuzwe ndipo udai, na hutahitaji barabara wala butura."

"Na mpaka kahawa iuzwe," akasema Bwana Shauri, "mwalimu na mganga wa zahanati nitawalipa maua?"

Baraza likacheka. Alikuwa na haki, na mpaka leo naliheshimu swali lile.

"Akiba iliyo Bukoba inatosha kwa gombolola moja. Jaribu Kaagya peke yake."

"Na watu wakiuza kahawa wakanywa fedha yote?"

Hapo, vijana, kinywa changu kikafunguka chenyewe. "Mimi nawadhamini! Nitawajua mmoja mmoja. Siku ya kulipa, jua halitazama pakiwa na mtu mmoja wa Kaagya ambaye hajalipa."

Bwana Shauri akakubali. "Vema. Nitakuja mwenyewe siku hiyo. Jua likizama na mtu mmoja amebaki, kiangazi kinachofuata Kaagya yote italima barabara."

Nilipofika nyumbani Ma Koku alikuwa amekwisha kusikia. Habari za baraza kwetu hutembea upesi kuliko baiskeli.

"Umewadhamini ndugu zangu wote?" akauliza. "Hata kaka yangu Byabato?"

"Hata yeye."

"Basi tutakuwa tunakula majani ya mgomba."

Nikaanza kuzunguka Kaagya na mfuko wa emwani, ile kahawa yetu ya kutafuna. Ninyi wa siku hizi mnampa mgeni chai, lakini wazee wanajua: uliyetafuna naye kahawa mkiwa na nia moja, humgeuki. Niliingia kila nyumba, nikafungua mkono, tukatafuna, tukaahidiana. Mtu alikubali, akaenda zake, wala hakuuza maua mwaka ule. Matajiri wa butura walipita na mifuko yao ya shilingi wakarudi nayo ikiwa imejaa.

Shemeji Byabato peke yake aliushika mkono wangu asitafune.

"Waitu shemeji, wewe umeandikwa Kanazi. Mambo yakiharibika utapanda baiskeli yako uende Kanazi, na sisi twende barabarani. Unatudhamini kwa ulimi wa nani?"

"Kibanja changu si hiki hapa?"

"Kibanja kiko hapa. Jina liko kwenu."

Ilikuwa haki pia. Siku hiyohiyo nikaenda kwa mkubwa wa gombolola, nikaandikwa Kaagya, mbele ya watu. Byabato akatafuna emwani zangu tatu kwa mkupuo, akasema zilikuwa zimekaangwa vibaya.

Mavuno yalikuwa mazuri. Watu waliuza kahawa yao wenyewe kwa bei ya kahawa, na nilisikia vicheko nyumba nilizozoea kusikia minong'ono. Mimi sikulala. Nilizunguka kama kuku anayetaka kutaga: Fulani, umeweka kando? Fulani, usiimalize! Nilimtoa mtu mmoja kwa sikio katika kilabu cha lubisi, pombe yetu ya ndizi, mtu mwenye wajukuu.

Siku ya kulipa ikafika. Bwana Shauri alikuja asubuhi na mapema na kiti chake cha kukunja. Petro akaweka bao la mashimo mia mezani. Tukangoja. Saa mbili, hakuna mtu. Saa tatu, hakuna mtu. Akapita mbuzi. Bwana Shauri akamtazama mbuzi, akanitazama mimi.

"Wako wapi?"

Nikapanda mbio kilimani, na nilipotokeza kwenye rweya, ule uwanda wa majani ulio juu ya migomba, nikapigwa na butwaa. Gombolola nzima ilikuwa pale! Senene, wale panzi wetu watamu, walikuwa wameanguka alfajiri, wengi kuliko nilivyopata kuona, majani yote yanatembea. Wanawake wenye makapu, wanaume wenye mifuko, bibi mmoja anatambaa na kibuyu mdomoni.

"Byabato!" nikapiga kelele. "Kodi!"

"Kodi ipo nyumbani, shemeji," akasema bila kuinua kichwa. "Kodi haina mabawa. Hawa wanayo. Inama nawe uokote!"

Sasa ningefanya nini? Ningewakamata watu wote kwa kuokota senene? Hata serikali ya Mwingereza haina gereza la namna hiyo. Niliinama nikaokota, maana nikisimama tu nilikuwa nawazuia.

Mchana walianza kushuka. Wakaja na mifuko inayochezacheza, wakajipanga, wakalipa. Petro akatikisa bao, mashimo yakajaa, akamwaga, akatikisa tena. Moshi wa senene wanaokaangwa ukajaa uwanjani, na Bwana Shauri, aliyekuwa amekunja uso tangu asubuhi, akapewa wachache kwenye jani la mgomba. Akala mmoja kwa adabu. Akala wa pili kwa njaa. Kisha akasogeza kiti karibu na jani.

Jua lilikuwa linakaribia migomba Petro alipoinua uso. "Bado mtu mmoja."

Bwana Shauri akaweka jani chini. "Mmoja ni mmoja," akasema.

"Nani?" nikauliza. Lakini Petro alikuwa ameingiwa na moshi machoni, anatafuta miwani yake. Sikumngoja. Nikapanda juu ya kigoda.

"Kila aliyelipa ainue stakabadhi yake!"

Mikono ikapanda, uwanja ukawa mweupe kama kahawa imetoa maua. Nikapita mstari kwa mstari nikiwatazama machoni. Byabato alikuwa ameinua yake kwa mikono miwili.

"Yuko mwizi mmoja hapa!" nikasema. "Mtu asiye na haya, aliyetafuna kahawa yangu na anataka kuwapeleka wenzake barabarani! Ajitoe! Naapa, atalipa kodi yake sasa hivi, na kwa aibu hii atawanunulia lubisi baraza zima!"

"Na wewe shemeji," akasema Byabato, "tuambie, yako iko wapi?"

Nikaweka mkono mfukoni. Nikaweka mkono mfuko wa pili. Ma Koku akawa wa kwanza kucheka, akajishika kiuno, akakaa chini. Miaka yote nililipa Kanazi, pale ofisini, siku ya kwanza ya msimu. Na mwaka huu msimu ulikuwa nimeuhamisha mimi mwenyewe, na jina pia. Mkamuaji alikuwa amesahau ng'ombe wake. Wala mfukoni sikuwa na kitu ila senene.

Jua likagusa migomba. "Ma Koku," nikasema kwa sauti ndogo, "una kumi?"

Akafungua fundo la khanga yake, akazihesabu juu ya bao moja moja, mbele ya Bwana Shauri, mbele ya ndugu zake wote, taratibu kama mtu anayetunga shanga. Alipofika tisa akasimama.

"Hii ya kumi ina riba. Doti moja ya khanga, nichague mwenyewe."

"Chagua, mama, chagua!"

Akaiweka. Petro akapiga mhuri. Watu wakapiga vigelegele mpaka Bwana Shauri akasimama, akanipa mkono wenye mafuta ya senene, akasema Kaagya haitalima barabara. Na miaka iliyofuata gombolola nyingine zikadai kodi baada ya kahawa, mpaka na Muleba mlipo, na ninyi mnadhani ilikuwa hivyo tangu kuumbwa kwa dunia.

Lubisi ilinywewa jioni ile ile. Petro pekee alikunywa chai, naye alikunywa nyingi. Basi mkiulizwa mageuzi yale ya hazina yalifanywa kwa gharama gani, msiandike kuwa hayakugharimu kitu. Kodi yangu, shilingi kumi. Khanga za Ma Koku, doti moja ya maua mekundu, shilingi sita. Mitungi mitano ya lubisi, shilingi kumi na mbili na senti hamsini. Jumla, kutoka mfukoni mwangu: shilingi ishirini na nane na senti hamsini.